Kitanda cha Mwakio

Kijana aliyesoma historia ya marehemu alisoma vizuri, sina ugomvi naye. Alisimama wima kando ya jeneza, akatusomea kwamba nyanya yake Wakesho alizaliwa ng'ambo ya bonde lile, akasoma mpaka darasa walilomsomesha, kisha akafunga ndoa takatifu na babu Mwakio kanisani, na mwaka akautaja. Waombolezaji wakaguna kwa heshima. Mimi nilikuwa chini ya turubai na Mutua, rafiki yetu wa tangu jeshini, aliyesafiri kutoka Ukambani na mkongojo wake. Nikamwona Mwakio, aliyekuwa ameinamisha kichwa tangu asubuhi, akikiinua na kunitafuta kwa macho. Baada ya mazishi, watu walipopanga foleni ya chakula, alikuja akaketi kati yetu, akaniinamia sikioni. "Zakaria, umesikia? Huyu mtoto amenipunja mwaka mzima na mke wangu." Nikamwambia asimlaumu, kijana amesoma vile ilivyoandikwa. "Najua," akasema. "Hata jeshi lilisoma vile ilivyoandikwa."

Basi ni huo mwaka aliopunjwa ndio ninaouandika hapa, kwa sababu tuliouona tumebaki wachache, na mmoja wetu siku hizi hata jina la dada yake anasaidiwa kulitaja. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Tulilala wanane katika chumba kimoja kirefu cha baraki, nje kidogo ya mji wa Voi, upande ambao ukisimama mlangoni asubuhi unauona mlima wa Sagalla umejifunika mawingu huku wewe hata tone hupati. Vitanda vya chuma, vinne huku na vinne huku, kila kimoja na sanduku lake miguuni. Paa la mabati lililia mchana kwa joto na likalia tena jioni likipoa. Mle ndani kulinuka rangi ya viatu, mafuta ya taa na soksi za Mutua, na nikisema hivyo nampunguzia. Lakini kitu chenyewe kilichotawala chumba kile kilikuwa vumbi. Vumbi la Voi halibishi hodi. Unafunga dirisha, unaziba mlango kwa gunia, asubuhi unaamka mweupe wa macho tu, mwili mwingine wote mwekundu. Siku hizi nikipita kwa gari na upepo ukapiga, wajukuu wanapandisha vioo haraka, mimi nawaambia hebu acheni, liniingie kidogo.

Sasa, kwa chumba kile tulikuwa tunalipishwa. Watu wengi hawajui, wanadhani askari analala bure. Kila mwisho wa mwezi mshahara ulikuja umeshakatwa ya malazi. Ng'ambo ya seng'enge kulikuwa na kota za wenye ndoa, vijumba vya vyumba viwili viwili, kila kimoja na jiko na kamba ya nguo nje, na jioni upepo ulituletea harufu ya vitunguu vikikaangwa huko, ukatuletea na vicheko vya watoto. Wenye kota nao walikatwa, lakini walituzidi kidogo tu, kidogo cha kumtia mtu hasira. Mutua ndiye aliyekuwa waziri wetu wa malalamiko. Akishavua viatu tu anaanza. "Sikieni, jamani. Yule koplo wa kota ana vyumba viwili, ana mfereji, ana bibi wa kumpikia. Mimi nina kitanda na miguu ya Zakaria puani. Sasa mimi nalipia nini? Kukoroma kwenu?" Mtu akimwambia basi oa uhamie huko, anaruka, "Nioe na nini? Pesa ya kuoa si ndiyo imeisha kwa kitanda!" Tulicheka mpaka tukaegemea masanduku. Leo nikiwa mzee niliyekaa pande zote mbili za seng'enge ile, maana baadaye nilioa nikapewa kota na watoto wakanijalia kelele za kutosha, bado naona Mutua alikuwa na haki. Mwenye familia asaidiwe, ndiyo, lakini si kwa mgongo wa mwenzake anayelala kama kiberiti ndani ya paketi.

Mwakio hakuwa akicheka sana. Kitanda chake kilikuwa kile cha karibu na mlango, na jambo la ajabu ni kwamba hakuwahi kukilalia. Alikuwa dereva wa lori, mwembamba, mpole, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Alikuwa na mke mjini Voi. Nasema mke, na mtu yeyote wa kwetu Taita angesema mke, kwa sababu kwetu ndoa haikuwa jambo la siku moja. Ilikwenda polepole. Leo mbuzi, mwezi mwingine pombe ya miwa ya wazee, kisha blanketi la mama mkwe, na mwanamke anaweza kuwa ameshahamia kwako, anapika, anaitwa kwa jina lako, wakati bado kuna mnyama mmoja hajafika. Kwa Mwakio mnyama huyo alikuwa mtamba wa ng'ombe, ambaye hajazaa bado. Baba yake Wakesho, Mzee Mwawasi, alikuwa amesema mbele ya wazee kwamba binti yake hatasimama kanisani mpaka mtamba asimame zizini kwake. Na kanisa nalo halikutangaza ndoa bila baba kukubali. Na jeshi nalo halikutoa kota bila cheti cha ndoa. Mwakio alikwenda ofisini kwa sajini wa nyumba, nikamsindikiza, nikayasikia haya kwa masikio yangu.

"Cheti?"

"Bado, afande."

"Basi wewe ni bachela."

"Afande, nina mke. Amebaki mtamba mmoja tu."

Sajini hakuwa mtu mbaya. Aliweka kalamu chini, akamtazama kwa huruma kabisa. "Mwakio, jeshi halihesabu ng'ombe. Jeshi linahesabu vyeti. Rudi ukalale."

Arudi akalale wapi? Hapo ndipo uone mzunguko wenyewe. Kwa kuwa alikuwa bachela, alikatwa ya kitanda baraki, alale asilale. Kwa kuwa alikuwa na mke, alipanga chumba mjini kwa Bi Rukia. Kwa kuwa alilipia huku na huku, hakubakiwa na kitu cha kununua mtamba. Kwa kuwa hakuna mtamba, hakuna kanisa, na bila kanisa hakuna cheti, na bila cheti ni bachela, akatwe ya kitanda. Alikuwa akizunguka kama ngamia wa kinu cha mafuta, na Wakesho alikuwa na mimba inayoanza kuonekana.

Sajini meja wetu alijua kwamba Mwakio halali kambini na akaamua kutojua, mradi awepo asubuhi wakati wa kuitwa majina. Lakini vitanda vilikaguliwa kila siku, na kitanda kisicholaliwa Voi kinajitangaza chenyewe, kwa sababu ya lile vumbi. Kazi hiyo nikaichukua mimi. Nikiamka, kabla ya kitanda changu, nalikung'uta blanketi la Mwakio nje, narudi nalitandika, navuta shuka, nakunja zile pembe nne kama tulivyofundishwa, zikae kali. Yeye atatokea mbio akitweta, tai mfukoni, mdomoni bado anatafuna hamri la Bi Rukia, ananipa lingine limefungwa kwa gazeti. Hayo ndiyo yaliyokuwa malipo yangu. Nimekula vyakula vingi tangu hapo, vingine kwenye meza za wakubwa, lakini hamri la vuguvugu lenye iliki, unalitafuna huku unafunga mkanda, sijaona mfano wake.

Bi Rukia alikuwa mjane wa Kiislamu, familia yake ilitoka pwani zamani na reli, nyumba yake ilikuwa nyuma ya msikiti. Chumba cha Wakesho kilikuwa cha uani. Kilikuwa na kitanda cha kamba, jiko la makaa, kanga imetundikwa dirishani, na kalenda ya duka ambayo Wakesho alipenda picha yake ya ziwa. Jumapili tulikwenda huko, Mutua na mimi, na Wakesho alitupikia kimanga. Aliponda muhogo na maharagwe kwa mwiko mpaka jasho likamtoka, akatupa kipande kikubwa kila mmoja na maziwa lala. Alikuwa mcheshi. Alimwita Mutua "mke mwenza" kwa sababu alisema yeye ndiye anayelala chumba kimoja na Mwakio kwenye karatasi za serikali. Bi Rukia aliketi mlangoni akichambua mbaazi, akasikiliza, kisha akatia lake. "Hebu nielezeni miye nisosoma. Serikali yamtoza kitanda asicholalia. Miye namtoza chumba anacholalia. Na bado aambiwa hana mke. Sasa hilo tumbo la Wakesho latoka sokoni?" Wakesho akacheka sana, akafuta macho, na nikaona kwamba macho hayakuwa ya kicheko peke yake.

Kulikuwa na baraza la askari, ambapo meja mkuu wa kambi aliuliza nani ana shida. Kwa kawaida hakuna aliyekuwa na shida. Siku hiyo Mutua akasimama. Aliuliza kwa adabu kwa nini mtu wa chumba cha wanane anakatwa karibu sawa na mtu wa nyumba nzima. Meja akajibu kwamba mwenye ndoa ana mzigo, lazima apunguziwe. "Na mwenye mzigo lakini hana cheti, afande?" Meja akafikiri, nampa haki yake, alifikiri kweli. "Hakuna mtu kama huyo," akasema. "Mtu ameoa au hajaoa." Tukapiga saluti tukatawanyika. Mwakio alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwake, amenyoosha mikono ubavuni, mtu ambaye hayupo.

Kisha habari zikashuka kutoka milimani. Mzee Mwawasi alikuwa amechoka kungoja. Alisema mtamba haonekani, na mtoto akizaliwa kabla ya mtamba ni wa kwake, ataitwa jina la ukoo wake, na atakuja mwenyewe kumchukua binti yake. Habari hizo zilimfikia Mwakio barakini. Alikaa kwenye kitanda chake, mara ya kwanza nimwone amekikalia, akashika kichwa. "Ataondoka na wote wawili, Zakaria," akaniambia. "Nikipata mtamba mwaka kesho, nitakuta mtoto ananiita mjomba." Nilitaka kumwambia haitakuwa hivyo, lakini sote wawili ni Wadawida, Wataita wa milimani, tungedanganyana nini? Kesho yake akatumwa Taveta na lori la mizigo, akaenda, kwa sababu amri ni amri. Na siku hiyo hiyo, mchana wa Jumamosi, nikaitwa langoni kwamba kuna mzee anaulizia nyumba ya Mwakio.

Alikuwa mfupi, koti la suti juu ya shuka, kofia kichwani, bakora mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ameshuka na basi mpaka Voi na kutoka stendi akatembea kwa miguu. Nikamsalimu kwa Kidawida, akaitika bila kuniangalia, akasema, "Nipeleke nyumbani kwa mkwe wangu." Mtu mzima huyo aliamini binti yake anakaa kambini. Nimwambie nini mtu kama huyo langoni, mbele ya walinzi? Nikaomba ruhusa, nikamleta barakini apumzike na anywe maji. Mutua alikuwa ndani peke yake anapiga viatu rangi, akaruka kusimama kama ameona jenerali. Mzee akatazama vitanda huku na huku, akauliza ni hospitali? Nikamwambia hapana, ndipo tunapolala. Akauliza cha Mwakio ni kipi. Nikamwonyesha. Akaenda akakikalia, pembe zangu zote nne zikaharibika.

"Hapa analala na binti yangu? Mbele yenu?"

"Hapana, mzee. Halali hapa. Analala na Wakesho mjini, wamepanga."

"Hiki nani analala?"

"Hakuna."

Akapapasa blanketi kwa kiganja. "Na kwa nini mmekitandika?"

Nikamweleza. Nikamweleza makato, na chumba cha Bi Rukia, na cheti, na sajini, na vumbi. Mutua akatia maneno yake pale niliposahau. Mzee alinikatiza mara kwa mara, kwa sababu hakuamini kwamba amesikia vizuri. "Ngoja. Anakilipia?" Anakilipia. "Na hakilalii?" Hakilalii. "Na wakija kuangalia, wanaangalia kama kitanda kimetandikwa, hawaangalii mtu?" Ndiyo, mzee. Mimi nikaona shingo yake inavimba, nikajua sasa tumeharibu, atapiga kelele kambi nzima isikie. Kumbe alikuwa anazuia kicheko. Akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Halafu kicheko kikamwishia ghafla, akaokota kofia, akaipangusa. "Sisi tunamdai mtamba," akasema. "Hawa wanamdai kitanda. Lakini sisi angalau tulimpa mke."

Nikampeleka kwa Bi Rukia. Wakesho alipomwona babake alisimama na mwiko mkononi, akajua amefuatwa. Bi Rukia akajitupa katikati. "Karibu, mzee wangu. Najua kilichokuleta. Lakini kwangu mtu hachukui mtoto na njaa, keti kwanza ule." Mzee akala. Akala wali wa nazi, jambo ambalo hakulizoea, akaomba tena. Akatazama kitanda cha kamba, jiko, kalenda ya ziwa. Akamuuliza binti yake kwa Kidawida, sauti ya chini, anapigwa? Wakesho akasema hapana, baba. Analala njaa? Hapana, baba, anayelala njaa ni yeye Mwakio, anasema ameshakula kambini. Mzee akanawa mikono taratibu, kidole kwa kidole. Alipoinuka kuondoka, Wakesho akainuka naye, amebeba kanga yake, machozi yanamtiririka. Mzee akamtazama kwa mshangao. "Wewe unakwenda wapi? Kaa na mumeo." Mlangoni akanigeukia mimi. "Mwambie Mwakio babake atengeneze zizi. Kuna mnyama anakuja kuchungwa."

Wasio wa kwetu nitawaeleza. Taita zamani mtu hakuweka mifugo yake yote nyumbani. Alimpelekea rafiki ng'ombe huyu, ndugu ng'ombe yule, wamchungie, wanywe maziwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kwa hiyo wiki iliyofuata Mzee Mwawasi alimtoa mtamba zizini kwake, wa kahawia mwenye paji jeupe, akampeleka kwa babake Mwakio achungwe. Akakaa huko siku chache za heshima. Kisha babake Mwakio akaita wazee wa ukoo wake, wakamfunga mtamba yule yule kamba mpya, wakaanza safari kumpeleka kwa Mzee Mwawasi kuwa mahari. Mwakio na mimi tuliomba likizo tukawa nyuma ya msafara, na sijapata kuona msafara kama ule, kwa sababu mtamba aliijua njia! Wazee walitaka kwenda kwa mwendo wa sherehe, na yeye anataka kwenda kwao. Akawavuta mteremkoni, kofia zinaruka, mmoja anaapa, wanawake wanapiga vigelegele huku wamekamata mbavu. Aliingia zizini mwenyewe akaanza kunywa maji yake. Na Mzee Mwawasi akatoka na uso mkavu kabisa, kama hajawahi kumwona mnyama huyu maishani. Akamzunguka. Akamwangalia meno. "Amekonda kidogo," akasema, "lakini si mbaya. Nimepokea." Hakuna hata mzee mmoja aliyecheka. Nilimtazama Mwakio, analia waziwazi kama mtoto, na kamasi.

Walifunga ndoa Desemba, Wakesho akiwa mzito hata gauni likaachiwa nyuma. Hiyo ndiyo tarehe aliyoisoma kijana. Cheti kikaenda kwa sajini, akakipindua huku na huku, akatoa ufunguo, akasema, "Umeona? Rahisi." Mtoto alizaliwa wakiwa kota, akaitwa jina la kwao Mwakio, na Bi Rukia akaja kambini na sufuria ya uji wa pilipili manga, akawagombeza walinzi waliotaka kuifungua. Chakula cha kwanza kwenye nyumba ile tulikula sisi bachela saba sakafuni, hakukuwa na kiti hata kimoja. Mutua akahesabu vyumba kwa sauti, akatazama dari, akasema ni ghali lakini si sana, na Wakesho akamtandika na mwiko. Kitanda cha mlangoni kikapewa kuruta mwingine, akakilalia usiku wa kwanza akidhani ni kitanda tu. Baada ya miaka Mwakio alimpelekea mkwewe mtamba wake mwenyewe, mnene, wa kununuliwa kwa jasho. Mzee akampokea, akamwita Kitanda.

Sasa nirudi kwenye matanga. Jua lilikuwa limeshazama, wageni wengi wameshaondoka, na sisi wazee wa jeshi tulikuwa tumepewa chumba cha wavulana, vitanda vya chuma vya shule vimepangwa ukutani. Mutua alikuwa anavua viatu akianza kulalamika, kwamba magodoro haya ni ya kukatwa pesa gani. Mlango ukafunguka, Mwakio akaingia na blanketi begani. Akasimama. Nyuma yake tulikiona chumba chao mlango wazi, kitanda kikubwa kimetandikwa foronya alizozifuma Wakesho mwenyewe.

"Siwezi kule," akasema. "Kuna nafasi kwa mabachela?"

Mutua akaacha kiatu kimoja mguuni. Akaonyesha kwa mkongojo kitanda cha karibu na mlango. Mimi nikainuka, magoti yananilia, nikachukua blanketi mkononi mwa Mwakio, nikalikung'uta nje ingawa milimani hakuna vumbi, nikarudi nikalitandika, nikakunja pembe zote nne. Zilikaa kali. Kisha nikafunua upande mmoja, na Mwakio akaingia akalala.